Maswali ya Wasomaji: Tumwandikeje Baba Aliyekuwa Mwanamaji?

SWALI: Mhariri, baba yetu alifariki mwaka jana, na familia imenipa jukumu la kuandika wasifu wake utakaosomwa katika ibada ya kumbukumbu. Alihudumu kambi ya Mtongwe na alipenda kuitaja manowari yake, Simba, ingawa kuhusu kazi yenyewe hakuwa msemaji. Kaka yangu mkubwa anashikilia kwamba baba alijiunga na Jeshi la Wanamaji la Kenya mwaka 1963, tena kwamba alishiriki kuopoa miili katika ajali ya feri ya Mtongwe. Mama anasema wakati wa ajali ile baba alikuwa ameshastaafu. Niandike lipi?
Msomaji, Likoni

JIBU: Pokea pole zetu, wewe, mama na ndugu zako wote.

Kuhusu mwaka wa kujiunga, tarehe za jeshi lenyewe zinatoa mwanga. Jeshi la Wanamaji la Kenya liliundwa tarehe 12 Desemba 1964, mwaka mmoja kamili baada ya Uhuru, ilhali Royal East African Navy, jeshi la enzi ya ukoloni lililokuwa na makao yake Mombasa, lilikuwa limevunjwa mwaka 1962. Mwaka 1963 hapakuwa na jeshi la wanamaji la Kenya ambalo kijana angeweza kujiunga nalo, na huenda kaka yako anakumbuka mwaka ambao baba aliondoka nyumbani kutafuta kazi. Ile manowari nayo inasaidia kwa kiasi, kwa sababu Simba, pamoja na Chui na Ndovu, zilikuwa boti za doria zilizoundwa na kampuni ya Vosper nchini Uingereza na kuanza kazi mwaka 1966. Aliyeiita meli yake alikuwa jeshini mwaka huo au baadaye, lakini hilo halituambii aliandikishwa lini. Jibu la hakika litapatikana katika hati zake za utumishi na za pensheni, ambazo kwa kawaida mama ndiye anayejua zilipohifadhiwa; zikikosekana, tafuteni wazee aliohudumu nao.

Hati hizo hizo zitamaliza ubishi wa pili. Feri ya Mtongwe ilizama tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu 272, kwa hiyo tarehe ya kustaafu ikiwa ya kabla ya hapo, baba hakuwa kazini. Bado inawezekana alikwenda kusaidia akiwa raia, kwani ajali ilitokea jirani na kambi aliyoifahamu, na majirani wa rika lake waulizwe. Wakithibitisha, liandike kama walivyolieleza. Wasipothibitisha, liache kabisa, maana hapo Likoni ni rahisi kuwapo mtu katika ibada aliyempoteza mzazi au ndugu katika feri ile, naye hastahili kusikia jambo la kubahatisha.

Hata hivyo, ukurasa mwingi usiupe jeshi. Wasifu wa askari mara nyingi husomeka kama faili la ofisi, vyeo na uhamisho mfululizo, mpaka msikilizaji anajiuliza kama marehemu aliwahi kukaa mezani na watoto wake. Baba mwanamaji huwalea wanawe kwa vipindi, na vipindi hivyo ndivyo ninavyotamani kuvisoma. Muulize mama ni nani aliyepeleka karo shuleni meli ilipokuwa doria, habari za baba zilifikaje nyumbani, na siku ya kurudi alianza kufanya nini kabla hata ya kuvua viatu. Je, aliwafundisha kuogelea, au alikuwa mmoja wa wale mabaharia wanaowakataza watoto kusogelea maji? Waulize pia dada zako wakiwa peke yao, kwa kuwa binti humkumbuka baba kwa namna ambayo watoto wa kiume hawaioni. Na ukimya wake kuhusu kazi uutaje waziwazi, bila kuutafutia sababu ambayo yeye mwenyewe hakuitoa.

Rasimu ikikamilika, msomee mama kwanza, kisha umwonyeshe kaka hati zenyewe mkiwa wawili, si mbele ya ukoo mzima. Mwombe aandike kwa mkono wake aya moja ya jambo aliloliona kwa macho, kwa kuwa yeye, akiwa mkubwa, alimfahamu baba akingali kijana kuliko mlivyomfahamu ninyi wengine.