Maji yanatoka kando ya bomba la bwawa: tuyazibe?

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi ni wakulima wa mpunga katika bonde moja karibu na Wete, Pemba. Tuna bwawa dogo la tuta la udongo, kimo chake kama mita 3, na bomba la inchi 6 limepita chini ya tuta. Masika haya maji yameanza kuvuja kando ya bomba, upande wa mashamba. Tulipaziba kwa zege, na baada ya siku chache yakatokea hatua mbili pembeni. Tuongeze zege?

JIBU: Waalaykum salaam. Msiongeze. Kabla ya jambo jengine lolote, kingeni maji hayo kwenye chupa nyeupe, yatulie saa nzima. Yakibaki maangavu, mna muda wa kujipanga. Yakiacha tope chini, tuta linaliwa kutoka ndani: waondoeni watu wote walio bondeni chini ya bwawa, kisha teremsheni maji kwa mpira wa kunyonya unaopita juu ya tuta, si kwa bomba hilo lenye mashaka.

Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo, na hilo peke yake halivunji bwawa. Hatari ni maji yanayotoka na chembe za udongo. Tundu huanzia pale yanapotokea, likachimbika kurudi nyuma hadi likutane na bwawa. Zege yenu iliziba mdomo tu. Shinikizo lilibaki ndani, likatafuta udongo dhaifu ulio jirani.

Wahandisi nao walianza kwa fikra ya kuzuia. Banio la Narora kwenye mto Ganges, India, liliharibika mwaka 1898 kwa maji yaliyopita chini yake, na mwaka 1910 mhandisi Bligh akatoa kanuni ya kuirefusha njia ya maji ili yapoteze nguvu. Ndiyo sababu mabomba ya chini ya matuta yakavishwa pete za zege. Tabu ya pete ni kwamba udongo unaozizunguka haushindiliki vizuri, na miaka ya 1980 wahandisi wa Marekani wakaanza kuziacha. Walichokishika badala yake ni chujio la mchanga, ambalo Karl Terzaghi, mhandisi wa elimu ya udongo, alikwishalieleza tangu miaka ya 1920: maji yapewe njia, udongo uzuiwe. Bwawa la Teton, Idaho, lenye kimo cha mita 93, halikuwa na chujio la namna hiyo. Tarehe 5 Juni 1976 maji ya tope yalionekana asubuhi, matingatinga yakajaribu kulifukia tundu, na kabla ya saa sita mchana tuta likakatika. Watu 11 walikufa.

Kwa dharura, fanyeni hivi: juu ya mahali panapovuja wekeni mchanga mkavu wa chembe nene, sentimita 30, juu yake kokoto ndogo sentimita 30, kisha mawe ya kukandamiza. Msibadilishe mpangilio huo, maana mawe yakitangulia, udongo utapita katikati yake. Mchanga uwe wa kujengea, uliooshwa, usio na udongo. Wa pwani wenye chembe za matumbawe na makombe msiutumie kwa chujio, kwani huweza kugandamana ukapasuka, na chujio lililopasuka halichuji kitu. Kokoto na mawe ya nje yanaweza kuwa ya matumbawe.

Kiangazi kikifika na bwawa likiwa tupu, fukueni theluthi ya bomba iliyo upande wa mashamba. Kingo za mtaro ziwe na mteremko, zisisimame wima, kwani udongo mpya huning'inia kwenye kingo wima na kuacha uwazi chini. Lizungusheni bomba kwa mchanga: sentimita 60 kila upande, chini na juu, na unene wa sentimita 90 kwa kufuata urefu wa bomba. Mchanga huo lazima uwe na mfereji wa kutoa maji hadi nje ya tuta. Kwengine rudisheni udongo wa mfinyanzi kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ikishindiliwa kabla ya inayofuata. Hakikisheni unyevu wake: finyangeni donge mkononi, lisivunjikevunjike wala lisitoe maji. Mkazo zaidi uwekwe chini ya tumbo la bomba, ambako nyundo haifiki. Hapo ndipo uvujaji mwingi huanzia.

Mimea ya mizizi mirefu isipandwe juu ya tuta, hata mkarafuu mmoja. Mzizi ukioza, huacha tundu lililo tayari.