Nyasi zilezile, kinyesi tofauti

Swali: Daktari, ng'ombe na punda wangu wanakula nyasi zilezile. Mbona kinyesi cha punda kimejaa vipande vya nyasi, cha ng'ombe ni laini?

Jibu: Umetazama vizuri, mimi huanza uchunguzi hapohapo. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Katika kile kikubwa, rumeni, vijidudu huchachusha nyasi, naye hucheua na kuzisaga upya hadi zilainike. Punda hacheui. Tumbo lake dogo lina chumba kimoja, na vijidudu vyake hungoja nyuma, kwenye utumbo mpana. Nyasi hupita upesi, nyuzi nyingi hutoka bila kusagika. Mwache ale kidogokidogo mchana kutwa. Tafadhali usimpe nafaka nyingi ghafla: punda hawezi kutapika, na msokoto wa tumbo huua.