Shelfu inadondoka, rangi inabanduka: maswali ya wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinauliza habari za mbao na rangi, lakini ukizisoma vizuri unakuta ugonjwa uko ukutani. Kwa hiyo tunaanza na kuta.

Habari za kazi. Nilifungiwa shelfu jikoni kwa fisha (vile vibomba vya plastiki vya kushika skrubu ukutani) na skrubu. Haikumaliza hata miezi miwili, ikalegea, ikashuka na masufuria yote, na sasa ukuta una mashimo ya kuingiza kidole. Nyumba ni ya tofali za kuchoma. Nifunge na nini? Mama Watatu, Nkuhungu

Pole sana, Mama Watatu. Mashimo ya ukubwa huo yanaonyesha kwamba fisha ilishikwa na plasta peke yake. Plasta ya nyumba zetu ina unene wa sentimita moja na nusu hivi, na hufika mbili au zaidi pale fundi alipotaka kunyoosha ukuta uliopinda. Fisha namba 8 ina urefu wa sentimita 4. Ukiizamisha ikawa sawa na uso wa ukuta, karibu nusu yake imebaki kwenye plasta, na plasta iliyobaniwa saruji haihimili kuvutwa hata kidogo.

Kwanza jua una ukuta gani. Toboa shimo moja mahali patakapofichwa na shelfu, kisha angalia vumbi linalotoka. Likiwa la kijivu mpaka mwisho na drili inasukumwa kwa nguvu, hilo ni tofali la saruji. Likiwa jekundu, ni la kuchoma. Lakini ikitokea biti imezama ghafla bila kizuizi na vumbi likageuka udongo, ujue umeingia kwenye kiungo kati ya tofali na tofali. Nyumba nyingi za tofali za kuchoma zimejengwa kwa udongo, saruji ikabaki ya plasta tu. Hapo fisha haishiki hata ukiibembeleza. Sogea sentimita 4 juu au chini, utalipata tofali lenyewe.

Kwenye tofali la kuchoma, zima kitufe cha kugonga kwenye drili, uiache izunguke tu. Ikigonga, inapasua tofali kwa ndani na kutanua shimo. Biti ya milimita 8 inakuachia shimo la 10 au 11, na fisha inazunguka bure humo. Toboa sentimita 7 na nusu. Toa vumbi lote kwa kupuliza na mrija, macho yakiwa yamefumbwa, maana vumbi likibaki ndani fisha inateleza. Kisha isukume fisha ipite plasta hadi iwe ndani ya tofali lote, ufunge kwa skrubu nene ya milimita 5, urefu 70. Skrubu fupi zinazouzwa pamoja na breketi, yaani vyuma vya pembe vinavyobeba shelfu, zitafutie kazi nyingine.

Mashimo ya zamani usiyajaze njiti au karatasi ukarudisha skrubu humo humo. Yakwangue, yaloweshe, jaza saruji moja kwa mchanga tatu, yamwagilie kwa siku tatu, na breketi mpya zihamie pembeni.

Halafu breketi yenyewe. Mkono mrefu unakaa ukutani, mfupi unabeba mbao. Mafundi wengi hufanya kinyume kwa sababu mbao inaonekana kushikwa vizuri zaidi. Uzito wa shelfu unaivuta skrubu ya juu itoke na kuigandamiza ya chini, na kadiri mkono wa ukutani ulivyo mrefu ndivyo mvuto ule unavyopungua. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiwa na skrubu moja nzuri kuliko zote, iweke juu. Mbao ya msonobari ya inchi 1 kwa 8 inataka breketi kila sentimita 60 kama ni masufuria au vitabu. Mita moja ya vitabu ina kilo 20 hadi 30. Vikombe na makopo ya viungo vinaweza kuvumilia sentimita 80. Zaidi ya hapo mbao inafanya tumbo.

Ukuta wa chumbani, sehemu ya chini, unatoa unga mweupe na rangi inabanduka. Nimepaka rangi ya mafuta mara mbili, hali imekuwa mbaya zaidi. Nimeona stika za ukutani zenye picha ya tofali, je nibandike hizo? Msomaji, Chang'ombe

Usibandike. Stika za sponji zitaficha unga kwa miezi michache, kisha zitadondoka zikiwa na ngozi ya plasta mgongoni.

Huo unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi, hasa pale ambapo hapakuwekwa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, na yanabeba chumvi iliyomo kwenye udongo na kwenye tofali. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, na nyumba iliyojengwa kwa maji hayo ilianza na mzigo huo tangu siku ya kwanza. Maji yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki, punje zake zinakua na kuisukuma rangi. Rangi ya mafuta inayaziba maji yasitoke, basi yanavimbisha rangi au yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Ndiyo maana hali yako ilizidi.

Anzia nje. Angalia kama udongo au bustani ya maua imepanda hadi usawa wa sakafu; uteremshe ubaki sentimita 15 chini yake. Angalia maji ya bafu yanaelekea wapi, na maji ya bati yanatua wapi mvua inaponyesha. Bila kumaliza hayo, kazi ya ndani ni ya kurudia kila mwaka.

Ndani, fanya kazi kiangazi, kati ya Julai na Oktoba. Kwangua rangi iliyolegea, kisha piga brashi ngumu kavu. Usioshe kwa maji: chumvi itayeyuka na kurudi ndani ya ukuta. Unga ulioanguka uzoe na kuutupa mbali. Kama plasta inamong'onyoka kwa kidole, ibomoe hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, acha tofali wazi wiki nne hadi sita, na kila chumvi inapotokea uipige brashi kavu. Plasta mpya iwe ya saruji moja, chokaa moja, mchanga safi sita. Chokaa inaufanya ukuta upumue. Saruji tupu ingeufunga. Malizia kwa rangi ya maji isiyong'aa. Fedha zikiwa hazitoshi kwa haya yote, paka chokaa ya kawaida mita moja ya chini na uirudie kila kiangazi. Si urembo wa kujivunia, ila ni rahisi na haikudanganyi.

Nimepanga chumba Ng'ong'ona, nasoma chuo. Mwenye nyumba hataki msumari hata mmoja ukutani. Nguo zangu ziko kwenye mabegi na vumbi la upepo linaingia hadi kwenye mashuka. Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Tengeneza kabati la kusimama lenyewe. Nunua mbao nne za 2 kwa 2 za futi 12, ambayo ni kama mita 3.6 kila moja. Mbao mbili za kwanza, kila moja ikate vipande viwili vya sentimita 150 na kimoja cha 50. Ya tatu itoe vitatu vya sentimita 100 na kimoja cha 50. Ya nne itoe kimoja cha 100, kimoja cha 50 na kimoja cha 180.

Vya 150 ni miguu minne. Vya 100 vinaunganisha miguu upande wa mbele na upande wa nyuma, juu na chini. Vya 50 vinaunganisha pembeni. Vya chini vifunge sentimita 15 kutoka sakafuni, na vile vya pembeni vya juu vishuke sentimita 10 chini ya kichwa cha mguu, kwa sababu juu yake litalala bomba la nusu inchi la kutundikia nguo, urefu wa sentimita 110, lililobanwa kwa klipu za bomba. Kila kiungo kinataka skrubu mbili za inchi 3, na utoboe kwanza kwa biti ya milimita 3, la sivyo mbao itapasuka mwishoni.

Kile cha 180 ndicho wanachokisahau wengi: kifunge mshazari mgongoni, kona hadi kona. Bila hicho, kabati linayumba kila unapovuta koti, na skrubu zinalegea mwezi wa kwanza.

Kuhusu vumbi, kitambaa cha pazia cha upana wa mita 2.8 kinazunguka mbele na pembeni zote mbili na kubaki cha kupishana. Nunua mita 1.6 tu, maana huo ndio urefu wa kwenda chini pamoja na pindo. Lakini vumbi hutua kutoka juu, kwa hiyo funika kichwa cha kabati kwa plaiwudi nyembamba au boksi gumu la friji. Kisha malizana na mlango wa chumba: kata tyubu ya baiskeli ukanda wa sentimita 6, muulize mwenye nyumba kama mlango nao umo kwenye katazo lake, akikubali upigilie chini kwa ndani ukiwa umebanwa na ufito, sentimita moja ya mpira ikiburuta sakafuni.

Nataka kutengeneza meza ya sebuleni kwa mapaleti. Yapo ya bure sokoni kwetu, ila naogopa mchwa. Msomaji, Kibaigwa

Tafuta muhuri ubavuni mwa paleti. Herufi HT maana yake mbao ilichomwa joto: nyuzi 56 hadi katikati ya mbao, kwa dakika 30. Chukua hiyo. MB ilifukizwa kwa sumu ya methyl bromide, iache huko huko, na iliyolowa mafuta au dawa za shambani iache pia hata kama ni ya bure. Joto lile liliua wadudu waliokuwamo. Halizuii mchwa wa sebuleni kwako. Inua meza kwa miguu ya chuma au magurudumu, iache sentimita 5 kutoka ukutani, na uchungulie chini yake mara kwa mara ukitafuta vijia vya udongo.

Usizing'oe mbao zake kwa nyundo, zitapasuka, kwani misumari yake ina mizunguko kama skrubu. Pitisha msumeno wa chuma kati ya mbao na gogo, ukate misumari yenyewe.

Nina kanga ya marehemu bibi, nataka kuitundika sebuleni. Msomaji, Singida

Ifue kwanza taratibu, itoe wanga na imalize kusinyaa, kisha ipige pasi. Fremu ya ufito wa 1 kwa 2 iwe ndogo kuliko kanga kwa sentimita 5 kila upande, ili jina lisipotelee nyuma. Kanga isiyosomeka jina itamuudhi bibi. Anza kupigilia katikati ya kila upande, pande zinazotazamana, ndipo uelekee kwenye kona. Iwe mbali na jua la dirishani.

Naweza kuficha mtungi wa gesi chini ya kaunta kwa pazia? Mama Junior, Manyoni

Ndiyo, kwa masharti. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Pazia liishie sentimita 15 juu ya sakafu, na ukiweka milango ya mbao toboa matundu chini kabisa ya kila mlango. Mtungi usimame wima, mpira usizidi mita moja na nusu na usipite nyuma ya jiko, na humo ndani pasiwe na soketi ya umeme. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, funga mtungi na uutoe nje, fungua madirisha, na swichi ya taa usiiguse, si kuwasha wala kuzima.