Aliyebatizwa kwa nguvu Andalusi: je, ameritadi?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nimetazama filamu ya kihistoria kuhusu Waislamu wa Granada, huko Andalusi (Hispania ya Waislamu), chini ya wafalme Wakristo wa Hispania. Mzee mmoja anabatizwa kwa nguvu, mchana yuko kanisani, usiku anaswali. Kaka yangu anasema ameshakufuru, alipaswa ahame au afe. Ni kweli?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Si kweli. Suratu An-Nahl, aya ya 106, inamvua na ukafiri aliyelazimishwa hali moyo wake umetulia juu ya imani. Wafasiri wanaitaja kuwa iliteremka kwa sababu ya Ammar bin Yasir (r.a.), alipoteswa na washirikina wa Makka mpaka akatamka walichokitaka.

Kulazimishwa nako kuna masharti: mwenye kutisha aweze kutekeleza, anayetishwa awe na dhana yenye nguvu kwamba atatekeleza, kitisho kiwe kizito kama kuuawa au kukatwa kiungo, na pasiwe na pa kukimbilia. Kaka yako ameshika hili la mwisho, na hakulizua yeye. Al-Wansharisi, mufti wa Fez (Morocco) wa zama hizo, aliwawajibishia hijra, yaani kuhama, Waislamu wa Andalusi wenye uwezo. Ila amri ya Kastilia, ufalme wa Hispania, ya 1502 ilisema wabatizwe au waondoke, kisha ikawafungia njia ya Maghrib (Afrika ya Kaskazini) na kuwaelekeza bandari za kaskazini, mbali na kwao. Asiye na hila wala njia ana udhuru katika An-Nisaa, aya ya 98.

Mwaka 1504 mwanachuoni wa Kimaliki, Ahmad bin Abi Jum'a, aliwaandikia Waislamu hao namna ya kushika dini. Waswali hata kwa ishara, na wakizuiwa mchana walipe usiku. Josho la janaba, wazame baharini au mtoni. Kutayammamu (kujitwaharisha bila maji), wapanguse mikono ukutani. Ikishindikana, waashirie udongo, jiwe au mti. Zaka waitoe kama zawadi kwa masikini. Wakishurutishwa mvinyo au nguruwe, moyo ukatae na waitakidi kuwa ni haramu.

Tazama: hakuwaondolea faradhi hata moja, aliwapunguzia sura yake tu. Wengi hukosea hapa, wakadhani dharura inafuta swala. Wala kulazimishwa hakuhalalishi kumuua mtu mwingine.

Aliyesubiri akauawa, kama Sumayya, mama yake Ammar, daraja yake ni ya juu zaidi. Lakini huo ni ubora, si wajibu, na kaka yako asimkufurishe mtu kwa kuuacha. Waliokufa katika hali ya mzee huyo huombewa rehema kama Waislamu wengine.

Wallahu aalam.