Lithiamu ndani ya kinywe: maswali yenu

Lithiamu inaingiaje kwenye kinywe bila kukivunja?

Kinywe, yaani grafiti inayotumika upande hasi wa betri, ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana kama chapati kwenye sahani. Ukichaji betri, ayoni za lithiamu hujipenyeza kati ya matabaka hayo, na nafasi hutanuka kutoka nanomita 0.335 hadi 0.370 hivi. Haziingii ovyo: kwanza hujaza tabaka moja na kuruka kadhaa, kisha husongamana hadi kila kaboni 6 zipate lithiamu 1. Rangi nayo hugeuka, kijivu, buluu, nyekundu, mwisho dhahabu. Mwenye darubini na seli yenye dirisha la kioo huiona lithiamu ikitembea. Mimi sijaona kipimo kizuri kuliko hicho.

Asiye na dirisha hupimaje kasi ya lithiamu?

Wengi hutumia njia ya Weppner na Huggins ya mwaka 1977. Unapitisha mkondo mdogo kwa dakika chache, unaukata, unaiacha seli itulie, unarudia. Volti ilivyosogea mkondo ukipita hulinganishwa na pale ilipotulia, ndipo kinapatikana kigawo cha usambaaji, yaani namba inayoonyesha lithiamu inavyoenea upesi ndani ya kinywe.

Mbona vigawo vya makala mbili vinatofautiana mara maelfu kuhusu kinywe hichohicho?

Mara nyingi kosa liko kwenye eneo. Hesabu inataka eneo ambalo lithiamu inapitia, tena linaingia kwa kipeo cha pili. Huyu anaweka eneo la elektrodi bapa (bamba lililopakwa kinywe), yule eneo la chembe zote za kinywe. Wakipishana mara 100, majibu yanapishana mara 10,000.

Halafu kuna sehemu ambapo volti haibanduki ingawa lithiamu inazidi kuingia, kwa kuwa hatua mbili za ujazo zipo pamoja. Fomula inatumia badiliko la volti. Badiliko likikaribia sifuri, jibu ni la kubahatisha. Ukiona makala inatoa namba moja tu kwa chaji yote, isome kwa shaka.

Hili linaigusa vipi simu yangu?

Muda wa lithiamu kuenea ndani ya chembe ya kinywe, unaoamua simu itachajika upesi kiasi gani, hufuata kipeo cha pili cha ukubwa wa chembe. Chembe ya nusu kipenyo mikromita 5, kigawo kikiwa 10⁻¹⁰ sm² kwa sekunde, hutaka kama dakika 40. Ya nusu ya hapo, kama 10. Ukilazimisha kuchaji upesi zaidi, hasa kwenye baridi, lithiamu hugandia juu ya chembe kama metali.

Kinywe cha Mahenge, Tanzania, huviringishwa kwa nini kabla ya kuwa betri?

Kinywe cha asili cha betri kwa kawaida hufanyiwa hivyo. Lithiamu huingia kupitia kingo za matabaka, haitoboi uso wake bapa, na chembe ya mviringo huelekeza kingo pande nyingi.