Kura Yako Nimeiona, Filamu Hukuiona

Kura yetu ya wasomaji inafungwa mwisho wa mwezi. Filamu kumi, si zaidi, za waongozaji wa Ulaya, wale wa sinema za kutulia na kufikiri, si za kurukaruka juu ya mapaa. Barua ni nyingi kuliko kura. Nimechagua hizi chache, na kama mnaona nimechagua zinazonipa nafasi ya kusema yaliyonikaa kooni, mnaona sawasawa.

*Shikamoo Mzee. Mimi na kaka yangu tumebishana mpaka tukanuniana. Yeye kaona Stalker, mimi nimeona The Seventh Seal. Kati ya Tarkovsky na Bergman, nani mkali?* (Wawili wa Mbagala)

Marahaba. Swali hili linaletwa kwangu kila msimu kama mvua za vuli, na kila msimu nauliza: mmeona ngapi? Filamu moja kila mtu. Hata mechi ya mchangani ina vipindi viwili.

Tarkovsky, yule Mrusi, alituachia filamu ndefu saba tu, kuanzia Ivan's Childhood ya 1962 hadi The Sacrifice ya 1986, mwaka aliofariki Paris. Bergman, Mswidi, alitengeneza zaidi ya 40. Sasa tazameni hilo linavyovuruga hesabu. Mashabiki wa Tarkovsky hawana pa kutawanyikia, kura zao zinarundikana kwenye Mirror, Stalker na Andrei Rublev. Wa Bergman, huyu anachukua Wild Strawberries, yule Cries and Whispers, mwingine Fanny and Alexander, na kura zinamwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Kwenye orodha ya jarida la Sight and Sound ya mwaka 2022, zile tatu za Tarkovsky zote zimo katika 100 za kwanza, lakini Persona ya Bergman iko nafasi ya 18, juu ya zote tatu. Nani kashinda hapo? Kila mmoja atahesabu upande unaomfaa, na kaka yako hatakubali.

Halafu mnanuniana kwa ajili ya watu waliogawana mpiga picha. The Sacrifice ilipigwa kisiwani Gotland, Sweden, na Sven Nykvist, mpiga picha wa Bergman. Mwigizaji mkuu ni Erland Josephson, naye wa Bergman. Walipochoma ile nyumba ya mwishoni, kamera ikakwama. Nyumba ikaungua yote, picha haikupatikana. Ikabidi wajenge nyingine waichome tena. Itazameni pamoja, kisha muendelee kununiana mkipenda.

*Naruhusiwa kutazama kwa kasi ya mara mbili? Muda ni mchache.*

Hapana. Na usinitumie kura.

*Mzee, ni kweli filamu bora kuliko zote duniani ni ya mwanamke anayemenya viazi kwa saa tatu na ushee? Hawa wapiga kura si wanatufanya mazuzu?* (Fundi redio, Morogoro)

Fundi, umeiona? Hujasema. Nitachukulia hujaiona, maana aliyeiona hasemi "anamenya viazi" tu.

Sight and Sound ya Uingereza hupigisha kura kila baada ya miaka kumi tangu 1952. Mwaka 2022 ikashinda Jeanne Dielman, 23 quai du Commerce, 1080 Bruxelles, ya Mbelgiji Chantal Akerman, aliyeitengeneza akiwa na miaka 25 tu. Watu wakapiga kelele kana kwamba masanduku ya kura yameibwa usiku. Hakuna kilichoibwa. Kila mpiga kura anataja filamu kumi bila kuzipanga, na kila moja inapata kura moja. Mwaka 2012 walipiga wahakiki 846. Mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 1,600, kutoka sehemu nyingi zaidi. Ukiwaongeza watu barazani, mazungumzo yanabadilika. Kwa hiyo "bora kuliko zote" si maneno ya kura hiyo. Kura ilisema kwamba hii ndiyo filamu iliyotajwa na wengi mahali fulani katika kumi zao. Inawezekana kabisa mshindi asiwe kipenzi cha kwanza cha yeyote. Mkilielewa hili, nusu ya barua zenu hazitakuwa na sababu ya kuandikwa.

Sasa viazi. Jeanne ni mjane, anaishi na mwanawe, na mchana hupokea wanaume kwa malipo. Fedha anaziweka ndani ya bakuli la supu lenye kifuniko, pale mezani. Siku ya kwanza kila kitu kinakwenda kama saa: taa inazimwa kila anapotoka chumbani, kifuniko kinarudi mahali pake. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi. Anabeba sufuria huku na huku ndani ya nyumba hajui avipeleke wapi. Kifuniko kinasahauliwa wazi. Anatoka kununua viazi vingine, anakaa, anamenya, na kisu kinakwenda kwa hasira ambayo uso hauionyeshi. Chakula cha jioni kinachelewa. Basi. Nimeona filamu za milipuko zisizonipa hofu kama ile sufuria. Akerman alisema miondoko ile aliijua kwa mama yake na shangazi zake, na yeyote aliyewahi kukaa jikoni akamwona mama yake ghafla akaacha kuimba ataijua pia.

Kuhusu urefu, nawaomba mniondolee. Sholay ya Wahindi ni ya 1975, na Jeanne Dielman ni ya 1975. Zote zinapita saa tatu. Kwenye Sholay hakuna aliyewahi kulalamika, watu walirudi kesho yake na keshokutwa. Kumbe saa tatu tunaziweza. Tusichokiweza ni kumtazama mwanamke akifanya kazi.

*Three Colours ya Kieślowski naihesabu moja au tatu?*

Tatu. Wenyewe Sight and Sound walikuwa wakiziunganisha Godfather mbili za kwanza kuwa kura moja, mwaka 2012 wakaacha. Msinitumie pia "Dekalog yote", mfululizo wake wa televisheni, kama mnavyonitumia. Vipindi ni kumi, kila kimoja kama saa nzima, na najua mmeona cha tano tu kwa sababu ndicho kila mtu anachokitaja.

*Nimetazama L'Avventura. Yule binti Anna anapotea kisiwani, wanamtafuta, halafu wanaacha! Stelingi anapotea mapema kabisa na harudi. Au nimeuziwa CD mbovu?* (Mama Salma, Tanga)

CD ni nzima, dada yangu. Anna harudi.

Sisi tuliolelewa na vibanda umiza tulifundishwa sheria moja: stelingi hafi. Antonioni, mwongozaji wa L'Avventura, akafanya baya zaidi ya kuua. Stelingi wake hafi wala haishi, anasahauliwa. Wanaomsahau ni mpenzi wake na rafiki yake, na wanamsahau wakiwa pamoja, mbele ya macho yako. Ukirudia kutazama, acha kumtafuta Anna. Mtazame Monica Vitti, anayeigiza huyo rafiki, uone siku gani hasa anaacha kutafuta. Mimi mara ya kwanza nilikosea kama wewe, nikakaa nimekunja mikono nikingoja polisi wa baharini.

Hamko peke yenu. Kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1960 watu waliizomea ukumbini mbele ya mwongozaji mwenyewe, na bado ikaondoka na Tuzo ya Jopo la Waamuzi. Miaka miwili baadaye, katika kura ya 1962, ikawa ya pili duniani. Mwaka 2012 ilikuwa ya 21. Mwaka 2022 ni ya 72. Mkanda ni ule ule, hakuna aliyeukata wala kuuongeza, na Anna bado hajaonekana. Ndiyo maana mtu akiniambia filamu fulani "imeshuka", namuuliza imeshuka kutoka wapi, maana yenyewe haijaondoka ilipo.

*Mzee naomba link ya kupakua zote.*

Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Lakini kwa kuwa mtapakua tu, angalieni mnachopakua. Fanny and Alexander ya sinema ni dakika 188, ya televisheni ni 312. Hizo ni safari mbili tofauti, na nimechoka na mabishano ya watu wawili ambao kila mmoja kaona yake. Andika kwenye kura ni ipi.

*Hao waongozaji waliwahi kufika hata kwetu, au tunashabikia watu wasiotujua?* (Binti wa Ujiji, Kigoma)

Swali bora la mwezi, na linatoka mahali penyewe. Mwitaliano Pier Paolo Pasolini alifika Kigoma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alizunguka Tanzania na Uganda na kamera, akitafuta namna ya kuigiza hapa Afrika tamthilia ya kale ya Kigiriki, Oresteia ya Aeschylus. Tamthilia hakuitengeneza. Alichoacha ni daftari la filamu, Appunti per un'Orestiade africana, la 1970. Anapita sokoni na mitaani, kamera inasimama kwenye uso wa mzee fulani, na sauti yake mwenyewe inauliza: huyu je, anafaa kuwa Agamemnon, mfalme wa tamthilia ile? Mizimu ya kisasi aliamua iwe miti.

Kisha akawaonyesha picha hizo wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Roma, na wao hawakumpigia makofi. Walimbana: unasema "Afrika", Afrika ipi? Zuri la Pasolini ni kwamba aliyaacha mabishano yao ndani ya filamu. Baya ni kwamba yule mzee hakuulizwa kitu. Nimeirudia mara nyingi, na kila mara namtaka mzee afungue kinywa amwambie kwamba ana jina tayari, na si Agamemnon. Itazame na watu wazima wa Ujiji. Huenda kuna atakayetambua uso.

Wa karibuni zaidi ni Ulrich Seidl wa Austria, aliyepiga Paradise: Love pwani ya Kenya na kuipeleka Cannes mwaka 2012: mama wa makamo kutoka Vienna na vijana wa ufukweni. Kila anayewajua vijana hao atacheka, kisha ataacha kucheka. Usiitazame na wakwe.

*Nimeona filamu nne tu za Ulaya. Nipige kura au ninyamaze?* (Mwanafunzi, Lamu)

Piga nne. Nafasi sita ziache wazi, kura yako nitaihesabu kwa heshima kuliko ya bwana mmoja aliyenitumia kumi zote kwa mfuatano ule ule wa orodha ya Waingereza, hadi kosa la herufi.

Na kwa kuwa uko Lamu, nakuongezea ya tano: Au hasard Balthazar ya Mfaransa Robert Bresson, ya 1966. Stelingi ni punda. Anapita mkono hadi mkono, huyu anambembeleza, yule anampiga, mwingine anamtwisha magendo, na yeye anatazama tu. Nilimwonyesha jamaa yangu mmoja mwenye punda wa kubeba mchanga. Hakusema neno mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini yule wa pili alimfunga kamba vibaya. Bresson angemkumbatia. Mwanzoni kabisa, majina yakiwa bado yanapita, kinanda kinapigwa, ni muziki wa Schubert, taratibu. Katikati punda analia kwa sauti yake yote. Kinanda kinanyamaza, kinamngoja amalize, kisha kinaendelea pale kilipoishia.