Maswali na Majibu: Kifaa Gani Kinafaa Kuhamishia Kanda za Video Kwenye Kompyuta?

SWALI: Nina kanda za VHS kama 40 za harusi na sherehe za familia. Nimeona vifaa vya aina tatu: kile kidogo cha USB kinachoitwa EasyCap, vingine vya USB vya bei ya juu kidogo, na kisanduku cha Canopus cha FireWire, ile njia ya zamani ya waya ya kuhamishia video. Hiyo tofauti ya bei inaonekana kweli kwenye picha?

JIBU: Inaonekana, ila si pale wengi wanapoitafuta. VHS yenyewe ina ukali wa takriban mistari 240 kwa upana, na hakuna kifaa kitakachoongeza kisichokuwepo. Vifaa vinatofautiana kwa mambo mengine: vinavumiliaje mawimbi yanayoyumba, vinakata weupe na weusi au vinauhifadhi, na vinakuachia picha isiyobanwa au vinaibana kabla hujaigusa.

Tuanze na EasyCap. Hilo jina leo halikuhakikishii chochote, kwa sababu maganda yanafanana na chipu za ndani hazifanani. Kimoja kina chipu ya Empia, kingine Syntek STK1160, kingine Fushicai UTV007. Watu wawili wanaweza kununua vifaa pacha kwa sura, mmoja akafurahi na mwingine akapata gauni la bibi harusi lililogeuka doa jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja. Kipime kwa gauni hilohilo. Cheza sehemu yenye mwanga mkali, fungua vipimo vya kifaa kwenye programu ya kunasa, kisha teremsha mwangaza na kontrasti taratibu. Mikunjo ikijitokeza, kifaa ni kizima, kilihitaji kurekebishwa tu. Weupe ukigeuka kijivu bila mikunjo kurudi, taarifa ilishakatwa kabla ya kufika kwenye programu, na hakuna uhariri utakaoirudisha.

Vya katikati kama I-O Data GV-USB2 na Hauppauge USB-Live2 vinatoa picha isiyobanwa ya 720×576 kwa PAL au 720×480 kwa NTSC (mifumo miwili ya TV). Unaipokea kwa programu ya VirtualDub au AmarecTV na kuihifadhi kwa kodeki (njia ya kubana video) isiyopoteza kitu kama HuffYUV, Lagarith au UT Video. Tenga gigabaiti 30 hadi 40 kwa saa; kanda ya E-180, ya saa tatu, iliyojaa itakula zaidi ya gigabaiti 90. Elgato Video Capture ni rahisi kuliko vyote kutumia, lakini inakupa video ya H.264 ya 640×480 iliyokwisha kubanwa. Kwa anayetaka kutazama tu inatosha. Kwa anayetaka kusafisha chenga baadaye haitoshi, kwa sababu chenga za VHS na mbano ni maadui: kodeki hupoteza nguvu zake kuchora chenga na kuziacha sura za watu.

Canopus ADVC-110 hugeuza kila kitu kuwa DV (video ya dijitali ya kamera za MiniDV), karibu gigabaiti 13 kwa saa, na hufunga sauti na picha pamoja, kwa hiyo hazipishani. Wanaoilaumu kwa rangi wanatia chumvi. Rangi ya VHS ni hafifu kiasi kwamba DV inaibeba bila shida. Lawama ya haki ni mbano wake, unaoacha vijiraba kwenye chenga. Jambo jingine ni tundu la FireWire: kompyuta mpya karibu zote hazina, na macOS 26 imeacha kabisa kulitambua.

Sisi tungechukua kifaa cha USB cha katikati. Kama Canopus unayo tayari na kompyuta yenye FireWire ipo, usiiuze. Fedha zikibaki, ziende kwenye deki: deki nzuri ya S-VHS (VHS iliyoboreshwa) ikiwa na kifaa cha kawaida huishinda deki iliyochoka iliyounganishwa na kifaa cha kifahari.

SWALI: Natumia kadi ya kunasa ya Blackmagic Intensity. Kwenye TV ya chogo kanda inacheza vizuri tu, lakini kwenye kompyuta picha inakatika kila dakika chache, mara nyeusi kabisa. Kadi imekufa?

JIBU: Huenda ni nzima kabisa. Kadi hiyo imezoea mawimbi yaliyonyooka ya studio, na kanda ya VHS haina hayo. Kwenye PAL kila mstari wa picha unatakiwa uchukue mikrosekunde 64. Utepe ukivutika au mota ikiyumba, mistari inawahi au kuchelewa kidogo. TV ya chogo inafuata mstari popote uendapo, ndiyo maana hukuona tatizo. Kadi kali ikikosa alama ya mwanzo wa fremu mara mbili tatu, huhesabu kwamba mawimbi yamekatika.

Dawa yake ni kirekebisha muda, TBC, na hapa kuna aina mbili zinazochanganywa sana. TBC ya mistari hunyoosha mistari iliyopinda ndani ya fremu; nguzo ya mlango iliyokuwa inacheza kama nyoka inasimama wima. TBC ya fremu huhifadhi fremu nzima na kuitoa kwa saa yake yenyewe, hata mawimbi yakivurugika. Tatizo lako ni la aina ya pili.

TBC za kitaalamu za fremu ni adimu. Njia ambayo wengi huitegemea ni rekoda ya DVD ya Panasonic, DMR-ES10 au DMR-ES15, ikitumika kama daraja tu. Waya wa deki unaingia kwenye tundu la kuingizia la rekoda, unachagua chaneli ya tundu hilo, kisha waya wa kutokea unakwenda kwenye kifaa cha kunasa. Hakuna DVD inayorekodiwa. Ingia kwenye menyu uzime upunguzaji wa chenga wa mawimbi yanayoingia, maana huacha vivuli nyuma ya kitu kinachotembea. Picha italainika kidogo, hiyo ni gharama yake. Lazima rekoda ikae kati ya deki na kifaa. Baada ya kunasa kwa kifaa cha aina hii hakuna programu itakayofanya kazi hiyo.

SWALI: Mwanzoni mwa faili midomo na maneno vinaendana. Baada ya saa moja mtu anacheka kabla hajafungua mdomo. Nifanyeje?

JIBU: Kwanza jua ni ugonjwa upi kati ya miwili. Angalia faili dakika ya 10, ya 30 na ya 60. Pengo likikua polepole na sawasawa, saa mbili hazikubaliani: picha inaingia kupitia USB, sauti inaingia kupitia kadi ya sauti ya kompyuta, na kila moja ina saa yake ya ndani. Kadi inayodhani inapiga sampuli 48,000 kwa sekunde kumbe inapiga 48,010, kwa saa moja inaachana na picha kwa robo tatu ya sekunde. Chomeka sauti kwenye kifaa hichohicho kinachopokea picha. Kwa faili ulizonazo, nyoosha au bana wimbo wa sauti kwa urefu wa picha bila kugusa mwinuko wa sauti.

Pengo likiruka ghafla, umepoteza fremu. PAL ina fremu 25 kwa sekunde. Zikipotea 100, sauti imechelewa sekunde 4. VirtualDub huonyesha hesabu ya fremu zilizodondoka na zilizoingizwa wakati unanasa, kwa hiyo usiondoke chumbani bila kuitazama. Ikipanda kwenye kanda nzima, tafuta kwenye kompyuta: diski inayojaa, programu ya kupambana na virusi, au kifaa kilichochomekwa kwenye kigawanyio cha USB pamoja na diski ya nje. Picha isiyobanwa inakula karibu megabaiti 21 kila sekunde. Ipe tundu lake. Ikipanda mahali palepale kila mara, kosa liko kwenye kanda, rudi kwenye jibu la juu.

SWALI: Rafiki ananiambia ninunue kigeuzi cha AV kwenda HDMI, kisha kinasio cha HDMI, nipate 1080p. Si itakuwa kali zaidi?

JIBU: Itakuwa kubwa zaidi, kali hapana. Kibaya ni kile kigeuzi kinachofanya njiani. Video ya PAL ni nusu-fremu 50 kwa sekunde zinazopokezana mistari. Vigeuzi vya bei rahisi huziunganisha ovyo au hutupa nusu yake, kisha hutanua picha, na mara nyingi hujaza upana wote hadi watu wakanenepa. Mkono unaopunga unabaki na meno ya chanuo yaliyogandia ndani ya picha, na hayo hayatoki tena.

Nasa kama ilivyo, na meno yake. Kuyaondoa ni kazi ya baadaye, na programu inafanya vizuri kuliko chipu ya kigeuzi. Kichujio cha QTGMC ndani ya programu ya AviSynth ndicho bora, ingawa ni cha polepole. Kwa haraka, programu ya ffmpeg inatosha:

ffmpeg -i kanda.avi -vf "setfield=tff,bwdif=1" -c:v libx264 -crf 18 -preset slow -pix_fmt yuv420p -aspect 4:3 -c:a aac -b:a 192k kanda.mp4

Utapata fremu 50 kwa sekunde na mwendo laini. Kwa faili la DV badilisha tff (mistari ya juu kwanza) iwe bff, kwa sababu DV huanza na mistari ya chini. Ukikosea hapo, mtu anayetembea ataonekana anasita, mbele nyuma, mbele nyuma; huwezi kukosa kuona. Faili la awali usilifute.

SWALI: Nina kanda za MiniDV na nyingine za Hi8. Kifaa kimoja kitatosha zote?

JIBU: MiniDV haihitaji kifaa cha kunasa. Tayari ni dijitali. Inahamishwa kwa waya wa FireWire kutoka kwenye kamera kwenda kwenye kompyuta, kwa programu ya WinDV kwenye Windows au dvgrab kwenye Linux, bila kupoteza hata biti. Ukiipitisha kwenye waya wa njano umeigeuza analogi kisha dijitali tena, hasara tupu. Hi8 ni analogi. Tafuta kamera ya Sony ya Digital8 katika zile zinazosoma Hi8 na Video8 (si zote, hakikisha modeli) na itakutolea DV kwa FireWire, huku TBC yake ya ndani ikinyoosha mistari. Vinginevyo, kamera ya Hi8 yenye tundu la S-Video (waya unaobeba mwanga na rangi kando) na kifaa cha USB.

SWALI: Nimeunganisha S-Video kwa adapta ya SCART, ile plagi pana ya pini nyingi, picha ni nyeusi na nyeupe. Waya mbovu?

JIBU: Deki yako haitoi S-Video kwenye SCART. Adapta haitengenezi S-Video, inahamisha pini tu. Rudi kwenye waya wa njano, au pata deki ya S-VHS. S-Video ikipatikana itumie, kwa sababu VHS huhifadhi mwanga na rangi kando na waya wa njano huzichanganya bure. Kama hata kwa waya wa njano rangi hazipo, umechagua mfumo usio wake: angalia PAL, SECAM na NTSC kwenye programu.

SWALI: Chini ya picha kuna mkanda wa chenga wa mistari michache ambao kwenye TV sikuwahi kuuona. Ni kifaa?

JIBU: Ni deki ikibadilisha kichwa kimoja cha kusomea kwenda kingine. Upo kwenye kila kanda ya VHS. TV iliuficha nyuma ya fremu yake. Ufunike kwa weusi mwishoni. Usiukate na kutanua picha. Ukipanda hadi katikati ya picha, hapo rekebisha trakingi (ulinganifu wa vichwa na utepe) kwenye deki.

SWALI: Nimesikia kuna njia ya kunasa moja kwa moja kutoka kwenye vichwa vya deki. Ndiyo bora kuliko vyote?

JIBU: Hiyo ni njia ya programu iitwayo vhs-decode. Unafungua deki, unachukua mawimbi ghafi kwenye sehemu za kupimia za kikuza mawimbi cha vichwa, unayanasa kwa kifaa cha Domesday Duplicator au kadi ya PCI yenye chipu ya CX23880, na programu inafanya kazi yote ya deki na TBC. Matokeo ni mazuri ajabu. Lakini ni kuchomelea waya, mafaili makubwa mno na saa nyingi za kuchakata, na sauti ya Hi-Fi hunaswa kwa tundu lake. Kwa kanda moja isiyo na mfano, ndiyo. Kwa kanda 40 za sherehe, fikiri mara mbili.

SWALI: Kanda mbili zina unga mweupe kwenye ukingo wa utepe. Nizicheze haraka kabla hazijaharibika?

JIBU: Usiziingize kwenye deki. Huo ni ukungu. Utachafua vichwa, na kanda inayofuata itaubeba. Zitenge ndani ya mfuko, ziweke mahali pakavu, na vaa barakoa ukizishika. Zisafishwe kwanza kwenye deki ya kutupa au kwa mtu mwenye mashine ya kusafishia utepe.

Kama ulishaicheza moja, chomoa umeme, fungua deki, lowesha kipande cha ngozi laini kwa isopropili ya asilimia 99, kibonyeze taratibu kwenye ngoma yenye vichwa bila kukisogeza, na zungusha ngoma kwa mkono kwa kushika sehemu ya juu. Kamwe usisugue juu na chini, kichwa kitavunjika. Vijiti vya pamba pia usitumie hapo, nyuzi zake hunasa. Subiri dakika 15 ikauke, kisha jaribu kwanza kwa kanda ambayo hutaililia.